Uliniambia Bado

Skola mwanangu,

Umekwenda kuwaaga watu wa jumuiya na nyumba imetulia. Nimekaa hapa mezani mchana huu kabla sijabadili mawazo. Kesho alfajiri gari linaondoka Mpanda na wewe ndani yake. Nisipoandika leo, najijua, nitakaa miaka mingine mitatu bila kusema.

Sitakuandikia habari za kula, kufua wala kuvaa sweta. Dodoma kuna baridi na kuna vumbi, utaona mwenyewe. Ninayotaka kukuandikia ni ya kwangu mimi. Nusu yake unaijua. Nusu nyingine hujawahi kuisikia kwa mtu, kwa sababu ninayeijua ni mimi peke yangu.

Nianzie kwenye ile laptop nyeusi ya mwalimu aliyehamishwa. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri matokeo, na mimi nilikuwa nesi kwenye zahanati ya kule kijijini, mbele ya Kibaoni. Baba yako alikuwa porini Inyonga na mizinga yake, kama kawaida, anarudi mara mbili tatu kwa mwaka. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba. Ukaniambia unataka kujifunza kutengeneza programu, na mimi nikasema sawa, nikidhani ni kitu cha wiki moja.

Wiki ya kwanza ilienda yote kwenye safari. Mtandao wa kijijini ulikuwa hautoshi hata kufungua picha, ukapanda gari la asubuhi kwenda Mpanda, ukapakua vifaa vya kutengenezea programu, ukarudi na flashi mfukoni umeishikilia kama chanjo inayotakiwa kukaa kwenye barafu. Ukaichomeka. Kompyuta ikakataa. Ulichopakua kilikuwa cha mashine mpya, na yako ilikuwa ya zamani. Nakumbuka ulivyokaa unaitazama. Wiki iliyofuata ukarudi tena Mpanda. Safari hii ikakubali, ukafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ukaandika neno moja, nalo likakujibu kwamba neno hilo halilijui.

"Sasa imeingia au haijaingia?" nilikuuliza.

"Imeingia, mama. Ila kompyuta haijui imekaa wapi. Kuna kisanduku nilitakiwa kukiwekea tiki mwanzoni, nimekiruka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naitoa, naanza upya."

Nilicheka sana siku ile. Wewe hukucheka. Ulichukua kijitabu kidogo cha mistari, ukaandika: kisanduku, weka tiki. Tangu hapo kila ulipokwama uliandika ulipokwamia na jinsi ulivyotoka. Ukanieleza kwamba kila kazi unaitengenezea chumba chake humo ndani ya kompyuta, na vifaa vyake, ili ukigusa kitu kwenye kazi hii usiharibu ile. Nilikuwa nasikiliza huku nachambua mchele. Mwezi ukaisha, wa pili ukaanza, na mimi nikaanza kuchoka.

"Skola, wewe unaandaa tu. Kazi yenyewe utaanza lini?"

Jibu lako nalikumbuka neno kwa neno. Uliniambia, "Mama, wewe kabla hujachoma sindano unasoma chupa. Unasoma jina, unasoma tarehe, halafu unasoma tena. Mbona hakuna anayekuambia unachelewa?"

Nilijivuna, nikasema moyoni kwamba huyu nimemzaa mimi. Lakini kujivuna kwa mtoto ni jambo moja na kumsikiliza ni jingine, na mimi nilifanya lile la kwanza tu.

Programu yenyewe uliitengeneza kwa ajili yangu. Uliniona kila Jumapili jioni nimeinamia lile daftari kubwa la kliniki, natafuta majina ya wajawazito waliotakiwa kuja wiki inayofuata na wale waliokosa, ili mhudumu wa kijiji aende kuwafuata nyumbani. Ukasema, "Hiyo naweza kukutengenezea." Na kweli ukatengeneza. Naingiza jina, kijiji na tarehe ya kurudi, na kila Jumatatu inanipa orodha mbili, wanaotakiwa na waliokosa. Siku uliponionyesha kwenye laptop yako nilipiga kigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Nikakwambia twende nayo zahanati kesho.

"Bado, mama," ukasema. "Hapa inafanya kazi kwa sababu kila kitu nimekipanga mwenyewe. Kompyuta ya zahanati sijaigusa, sijui ikoje. Nipe siku mbili nikae nayo, niweke majina ya uongo, nione inasoma nini."

Nikakubali. Halafu ukaja ujumbe kwamba baba yako ameanguka kutoka mtini akitundika mzinga, ukaenda Inyonga kumuuguza. Wiki hiyo hiyo tukaambiwa wageni kutoka wilayani wanakuja kukagua zahanati.

Hapa ndipo inaanza ile nusu usiyoijua.

Nilichukua flashi yako yenye programu kwenye droo. Nilichukua na kijitabu chako. Nikakaa na kompyuta ya zahanati baada ya wagonjwa kuisha, nikafuata hatua zako moja moja, na nilipofika kwenye kile kisanduku nikaweka tiki, nikatabasamu peke yangu. Mwanangu, ulikuwa umeandika vizuri mno. Hata mimi niliyesomea sindano na mizani ya watoto niliweza. Programu ikafunguka. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa kijitabu kuona kama kuna hatua iliyobaki, na pale juu ulikuwa umeandika kwa herufi kubwa: BADO. Chini yake mambo matatu. La kwanza lilikuwa hili: tarehe, angalia kompyuta ya zahanati inatanguliza siku au mwezi.

Niliusoma ukurasa huo, Skola. Sikuupita kwa bahati mbaya. Niliusoma nikauelewa, nikatazama kwenye kioo programu imefunguka vizuri, nikafunga kijitabu. Wageni walikuwa wanakuja keshokutwa.

Walipokuja walisifu. Mmoja alisema zahanati nyingine zije kujifunza kwangu. Kwangu, alisema. Nilikuwa na miaka kumi na saba kazini na sikumbuki mara nyingine yoyote niliyosifiwa mbele ya watu. Kuanzia siku ile nikaacha kuandika kwenye daftari kubwa. Nililifunga nikaliweka juu ya kabati.

Baba yako alipopata nafuu ukarudi kutoka Inyonga, ukakuta imeshaanza kutumika.

"Mama, umeiweka?"

"Nimeiweka, na inafanya kazi. Wamefurahi sana."

"Ulijaribu tarehe?"

"Nimejaribu kila kitu."

Ukaomba tena zile siku mbili. Nikakwambia kompyuta ina kazi, wanawake wanasubiri, usinivuruge. Uliomba mara ngapi? Nadhani mara tatu. Ya mwisho nilikujibu kwa ukali mbele ya watu, ukaacha kuomba.

Anastazia alikuja kliniki mwishoni mwa mwezi wa pili. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, miezi saba, na presha ilikuwa imepanda. Nikampa dawa, nikamwambia arudi baada ya wiki moja, tarehe sita mwezi wa tatu, asikose. Nikaingiza kwenye kompyuta kwa mkono wangu: sita, alama ya mkwaju, tatu. Mvua zilikuwa kubwa, mumewe akampeleka mashambani kwenye mpunga, kijito kikajaa, hakurudi. Ingekuwa zamani, na daftari langu, Jumapili ile ningeona jina lake halina alama na mhudumu angekwenda kumfuata hata kwa kuvuka maji. Lakini Jumatatu nilitoa orodha na jina lake halikuwemo. Jumatatu iliyofuata pia. Wengine walikuwemo, hivyo sikushtuka.

Walimleta kwa pikipiki akiwa ameshikwa na kifafa cha mimba, wanaume wawili wamemkaza katikati asianguke. Nilifanya nilichofundishwa. Gari la kumpeleka hospitali lilipokuja alikuwa bado anapumua, na alipona. Mtoto alizaliwa amekufa. Alikuwa wa kiume. Haya unayajua, ulisimama nje umeshika kandambili zake.

Na kikao unakijua, lakini acha nikiandike, maana sijawahi kukitaja mbele yako.

Walikuja watu wawili kutoka wilayani, si wale waliosifu. Wakauliza orodha ilikuwa wapi. Nikaonyesha. Wakauliza daftari. Nikaonyesha pale nilipoacha kuandika. Mmoja wao, mzee, akavua miwani akaniuliza, "Nani alikwambia programu hii iko tayari kutumika kwa watu?"

Nilikuwa na muda, mwanangu. Watu husema walijibu bila kufikiri. Mimi nilifikiri. Nilifikiria kazi yangu, nyumba ya serikali tuliyokuwa tunakaa, na miaka kumi na saba. Nikasema, "Binti yangu ndiye aliyeileta. Alisema imekamilika."

Wakakuita. Ulikuwa mlangoni na laptop yako kifuani, ulikuja kusaidia kutafuta tatizo. Yule mzee akakuuliza kwa upole kabisa, "Binti, ni wewe uliyesema imekamilika?"

Ulinitazama. Mimi nikatazama kalamu yangu. Ukasema, "Kosa ni langu."

Ukaomba uone kompyuta. Nusu saa haikuisha ukawa umelipata. Njiani tukirudi nyumbani ukaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ni tarehe, mama. Ile kompyuta inatanguliza mwezi. Wewe umeandika sita, tatu. Yenyewe imesoma mwezi wa sita, tarehe tatu. Inamsubiri Juni."

"Mbona wengine walitokea?"

"Wenye tarehe iliyozidi kumi na mbili. Hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo ikabidi isome sawasawa."

Halafu hukulala. Ulitoa majina yote ambayo yangeweza kupotea, wanawake tisa, na kwa siku nne tulitembea mimi na wewe kwenye matope kuwatafuta. Tuliwakuta wote wazima. Katika siku zote nne hukuniuliza kwa nini nilisema vile. Ningependa ungeuliza. Hapana, huo ni uongo pia. Nilikuwa naomba usiulize.

Jumapili yake ulifuta kila kitu kwenye laptop, ukaifunga kwenye kanga ukaiweka nyuma ya magunia ya mahindi. Kijitabu ukakitia motoni chini ya sufuria ya maharage. Nilikuwa nimesimama pembeni yako na mwiko mkononi. Skola, nitakwambia nilichohisi, na ukitaka kunichukia, nichukie kwa hili hasa. Nilihisi nafuu. Ule ukurasa ulikuwa unaungua. Wewe ulikuwa unachoma kazi yako ya mwaka mzima, na mimi mama yako nilikuwa nafurahi kwamba ushahidi umeisha.

Mimi nilipewa onyo, baadaye nikahamishiwa hapa mjini. Wewe ulipewa jina. Sokoni Kibaoni walikuwa wakikuona wananong'ona, yule wa kompyuta, yule aliyemponza mtoto wa Anastazia. Mwaka mzima hukushika mashine. Ulipika, ulilima, ulinichotea maji, na kila uliponiambia "shikamoo mama" asubuhi nilijibu nikiangalia pembeni.

Tulipohamia Mpanda ukaanza tena bila kumwambia mtu. Nilisikia vidole vyako chumbani. Mtandao hapa una nguvu, hukuhitaji tena safari za flashi, lakini nilikuona ukianza kulekule mwanzo, kwenye dirisha jeusi, hatua kwa hatua, na umenunua kijitabu kipya. Nikajiambia, ameshasahau. Nikajiambia, yamekwisha. Nililala vizuri kwa muda.

Mpaka wiki mbili zilizopita, uliponisimulia jinsi walivyokuhoji hao watu wa Dodoma kabla ya kukupa kazi. Ulikuwa umefurahi, unamenya viazi huku unaongea. Ukasema waliuliza ni kosa gani kubwa umewahi kufanya kwenye kazi zako. "Nikawaambia habari ya tarehe, mama. Nikawaambia niliruhusu programu itumike kabla sijaijaribu kwenye mashine nyingine, na mtoto akafa."

Niliruhusu. Ulilitumia neno hilo.

Nilielewa pale kwamba hujasahau chochote. Ila umekirudia kisa kile mara nyingi kichwani mwako mpaka mimi nimetoka ndani yake. Unaamini. Siku ya kikao ulinisitiri kwa makusudi, na baadaye ukaanza kuamini kwamba ulikuwa unasema kweli. Na sasa unakwenda na kosa hilo Dodoma, utafanya kazi nalo, utazeeka nalo, na si lako.

Kwa hiyo Jumamosi niliyokuambia nakwenda kumwona mgonjwa, nilikwenda kwa Anastazia. Nilimkuta anapepeta mpunga uani. Ana mtoto sasa, wa kike, Neema, anatambaa. Nikamweleza yote, ukurasa, flashi, kikao. Hakusimamisha ungo. Nilipomaliza akauliza, "Na binti yako anajua kwamba uliuona huo ukurasa?"

"Hajui."

"Mimi nimemlaani yule binti, nesi. Kila nikisikia jina lake. Miaka mitatu." Akaweka ungo chini. "Nimemlaani bure."

Nikataka kumwomba msamaha, maneno nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye gari. Akaniinulia mkono.

"Nenda kamwambie. Na umwambie nimeuondoa mdomo wangu juu yake. Leo hii, mbele yako, nimeuondoa."

"Na mimi, mama Neema?"

Akamwinua mtoto wake kutoka chini. "Wewe sijui," akasema. "Nenda tu."

Juzi Jumatatu nikaenda kwa mkubwa wangu, nikaandika maelezo kwa mkono wangu na kuweka sahihi. Akayasoma mara mbili, akaniambia nisubiri. Sijui watafanya nini. Huenda wakaniacha, huenda wasiniache. Lolote litakalokuwa, usirudi kwa ajili yake. Nakuomba hilo tu, na nakuomba nikijua sina haki ya kuomba.

Nilitaka kukuandikia niliyojifunza, maana wazazi huandika hivyo. Nimepata machache. Nilidhani nilisema uongo siku ya kikao. Siku ile nilikuwa namalizia tu, uongo nilikuwa nimeshausema nikiwa peke yangu, nilipofunga kijitabu. Hakuna aliyeniona, na sikutamka hata neno. Jingine ni kwamba aliyekuharakisha alikuwa mtu anayekupenda. Huko uendako watakuwepo wa namna yangu. Watakuwa wachangamfu, watakusifu, watakuambia imefunguka, inatosha. Wewe uliwahi kusema bado ukiwa na miaka kumi na tisa, mbele ya mama yako, na ulikuwa sahihi. Sema tena. Na mtu akikusingizia akaangalia kalamu yake, usimbebe. Mtoto hakupaswa kunibeba mimi namna ile, na hakuna bosi anayestahili zaidi yangu.

Ukiulizwa tena swali lile, jibu ni kwamba ulisema haijawa tayari, na mtu mzima akaitumia.

Nimeandika mpaka hapa, na nikwambie nilichokuwa nimepanga. Nilipanga kuikunja barua hii na kuiweka chini ya nguo kwenye begi lako, uikute ukiwa umeshapita Tabora, mahali ambapo huwezi kugeuka ukanitazama. Nimeona ni kalamu ile ile ninaitazama. Kwa hiyo hapana. Ukiingia nitakupa mkononi, nitakaa kwenye kiti hiki, na utaisoma nikiwa mbele yako. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wasikie. Ukitaka kutoka nje bila kusema kitu, sitakufuata, lakini nitakuwa hapa ukirudi.

Gari ni kesho. Bado tuna jioni nzima.

Mama yako.